Nilimwita Mchawi Mama Aliyekodi Shamba Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi wa viti vya mbele, asifiwe na nyinyi mliokaa kule mlangoni!

Mnanijua. Mimi ni Rodah, mjane, nyumbani ni hapa hapa Khayega. Mnaujua pia mdomo wangu. Mdomo huu umeimba kwaya ya kanisa hili miaka mingi, na mdomo huu huu mwaka huu ulikaribia kuua mtu. Sikuja kuwaambia jinsi Mungu alivyoniokoa na adui. Nimekuja kuwaambia kwamba adui nilikuwa mimi.

Mzee wangu alipolala aliniachia vipande viwili vya shamba vinavyopakana. Kimoja nalima mwenyewe. Kingine nakikodisha, kwa sababu mgongo umekataa. Na mnajua huku kwetu kukodisha shamba ni maneno ya mdomo tu. Unalima mpaka mavuno, mahindi ni yako, mabua yanabaki kwa mwenye shamba alishe ng'ombe. Karatasi hakuna. Na nisiwadanganye, sisi wenye mashamba tunapenda iwe hivyo, kwa sababu siku tukibadilisha moyo hakuna wa kutuuliza.

Mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka upande wa Mukumu, anaitwa Petronila. Ameolewa katika boma la ndugu watano waliogawana shamba la baba yao mpaka kila mmoja akabaki na mahali pa nyumba na pa kuku. Ana watoto wanne. Alinilipa kabla hajatia jembe ardhini, na kila akipita alinisalimia vizuri. Sina neno juu ya hayo.

Sasa nisikilizeni. Mvua ndefu ilikuwa bado. Asubuhi moja nilitoka kukatia ng'ombe majani, nikamwona Petronila shambani peke yake. Alibeba ndoo, akitembea polepole kwenye udongo mtupu, akichota kitu cheupe kama unga na kukimwaga huku na huku. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisimama nyuma ya ua wa miti nikashika kifua. Nikajiuliza, mtu gani anamwaganga unga chini?

Ndugu zangu, ningemwuliza! Ilikuwa hatua ishirini tu. Lakini mwenye shamba amwulize aliyekodi kwake? Kiburi kilinifunga miguu. Nikarudi nyumbani na mzigo wa majani kichwani na mzigo mwingine moyoni.

Mvua ikaja, tukapanda. Kufikia kuchanua, mahindi ya Petronila yalikuwa yamenipita kimo, meusi kwa ukijani. Yangu, hatua moja tu ng'ambo ya mpaka, yalikuwa mafupi na ya manjano, na mbolea nilitia ile ile ya kila mwaka. Ila mistari miwili tu ya kwangu, ile iliyo kando ya mpaka wake, ilikuwa imenawiri kama ya kwake. Mtu mwenye akili angefurahia mistari miwili. Mimi niliona hapo ndipo uchawi ulipopitia. Nilisema amevuta nguvu ya shamba langu akaipeleka kwake, na mistari ile ndiyo mlango aliotumia.

Mnajua nilifanya nini? Niling'oa mistari yangu miwili mizuri kwa mikono yangu! Mahindi yenye magunzi yaliyoanza kujaa! Nikayarundika, nikayatia moto, nikaimba pambio. Msicheke. Cheka wewe Mama Jeni, lakini ulikuwepo ukinisaidia kuchochea moto.

Kisha nikaanza kusema. Nilisema mtoni, nilisema sokoni, nilisema hata kwenye maombi ya akina mama, nikaliita ombi. Na neno la mtu wa kanisa linaaminika upesi. Petronila alikuwa akiuza mboga za mrenda na saga hapa sokoni. Wanawake wakaanza kupita mbele ya mboga zake kama hawazioni. Vijana wa bodaboda wakakataa kumbeba, ati pikipiki itaharibika. Siku moja akiwa anapalilia, kikafika kikundi cha watu na mawe mikononi. Mimi nilikuwa mbele. Nilimwambia, "Toka kwa shamba langu! Usikanyage hapa tena, na hayo mahindi yako uyaache hapo hapo!"

Aliliacha jembe lake mtaroni akaenda zake kwa miguu.

Nilidhani nimeshinda. Ndugu zangu, raha ya ubaya ni fupi! Mahindi ya Petronila yakakauka yakisubiri mvunaji. Yangu nilivuna nusu gunia la magunzi ya ukubwa wa kidole gumba. Mvua ikaendelea kunyesha juu ya yale ya kwake. Ndege wakala. Mimi nikikaa mlangoni nayaangalia na tumbo linanguruma, lakini kuyagusa naogopa. Niliyataka mahindi ya mchawi, lakini bila uchawi wake! Na kulala nikashindwa. Niliombewa na kufunga siku tatu ili nifunguliwe kutoka kwa mchawi wangu, na hofu ikazidi tu. Mungu angenifunguaje kutoka kwa mtu ambaye hakunifunga?

Basi akaja afisa wa kilimo. Aliegesha pikipiki, akanisalimia, akasema amekuja kuona shamba ambalo mama Petronila alitia chokaa. Nikamwuliza, chokaa gani? Akasema chokaa ya shamba. Udongo wa huku umechoka, umejaa asidi kwa sababu ya mbolea ile ile tunayotia mwaka baada ya mwaka, na chokaa ndiyo inauponya. Aliwafundisha kwenye baraza kule kwao, na Petronila akanunua mifuko.

Bado alikuwa hajamaliza. Aliangalia upande wangu akauliza, "Na ile mistari yako miwili, mama, imeenda wapi? Petronila aliniambia chokaa ilibaki kidogo kwa ndoo, akakutilia upande wako ili uone tofauti, mwaka ujao na wewe ununue."

Niliketi chini, kwenye matope, mbele ya mgeni. Nililia kama mtu aliyefiwa. Kwa ajili yangu! Yule mama alibakiza ndooni kwa ajili yangu, na mimi nikachoma wema wake nikiimba!

Hapo ndipo Bwana alipoanza kunifungua, na haikuwa kwa kupiga kelele. Sauti ilinijia moyoni ikasema, nenda kwake. Nilijitetea kwamba nitatuma mtu. Sauti ikasema, siku ya mawe ulituma mtu? Siku ya pili nikafunga kitambaa kichwani nikatembea mpaka kwake.

Nilimkuta anachambua mboga. Aliponiona aliinuka, akaniletea kiti, akaingia jikoni. Nikasikia mwiko ukisonga ugali. Akatoka na obusuma moto na mrenda, akaweka mbele yangu, akaninawisha mikono. Halafu akasimama pale pale, mikono kwa kiuno, akiniangalia.

Ndugu zangu, nyinyi ni watu wa huku, sihitaji kuwaeleza. Mtu ukimwita mchawi, chakula chake huli. Na ukikikataa mbele yake, umemwita mchawi mara ya pili. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi matamu ya kuomba msamaha, na yule mama hakutaka maneno. Alitaka kuona mkono wangu unaenda wapi. Na niseme kweli, nikiwa mbele ya madhabahu, mkono ulirudi mapajani! Nilikuwa najua habari ya chokaa, nimeelezwa yote, na bado niliogopa. Nikasema, Yesu, nisaidie. Nikakata tonge, nikachovya, nikala.

Nilikula mpaka sahani ikaisha. Na nilipokuwa nakula, ule uzito niliotembea nao tangu asubuhi ile ya ndoo ulinitoka. Nilikuwa huru! Haleluya!

Ndipo Petronila akaketi na yeye akalia. Aliniambia asubuhi ile midomo yake ilikuwa inasali rozari, anaomba mahindi ya kulisha watoto. Nilimwambia aje avune yote, na mabua pia nimempa. Nikamwambia tutaandika karatasi mbele ya liguru wetu wa kijiji, alime kwangu miaka mitano, na mimi nisiwe na ruhusa ya kumtoa kwa sababu amevuna vizuri. Alikubali, akashukuru. Lakini akasema, "Mama, hiyo karatasi ni ya shamba. Jina langu je? Ulinichafua mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Tumevuna pamoja, mimi na yeye. Mengine yalikuwa yameoza na kuota, na hasara hiyo ni dhambi yangu, nitamsaidia kuibeba. Lakini mazuri yalipatikana. Yameanikwa, yamesagwa.

Petronila, simama mama. Yeye si wa kanisa letu, ametoka misa ya kwanza kule Mukumu akaja kwa ajili ya siku hii. Simama wakuone. Ndugu zangu, huyu si mchawi. Hajawahi kuwa mchawi. Mimi Rodah nilisema uongo, nikausema sokoni, mtoni, na hapa ndani ya nyumba ya Mungu. Bwana amenisamehe, yeye amenisamehe, na ninyi niliowapakulia uongo huo naomba mnisamehe.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye hofu. Na kama kuna mtu hapa ana jirani anayemwogopa, au amemkodishia mtu shamba na anamwonea jicho kwa sababu mahindi yake yamependeza, usije hapa mbele kuombewa kwanza. Nenda ukamwulize. Mwamini Mungu hizo hatua ishirini.

Na sasa neno la mwisho, kisha naketi. Tukitoka ibadani, kule nje chini ya turubai kuna sufuria kubwa ya obusuma. Unga ni wa yale mahindi. Aliyepika ni Petronila, peke yake, hakuna aliyemsaidia. Mimi nitakula wa kwanza. Nitageuka nione ni nani yuko nyuma yangu.