Fundi Pindo na Ugonjwa Uliobadilishwa Jina

Marehemu, mliyemfahamu kama Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake, anayewasomea wasifu huu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988, akajifunza ushonaji, kisha akafungua chumba cha cherehani karibu na soko. Pindo lake halikufumuka. Miaka ya baadaye, harusini hakukaa mbali na mlango, na ndugu walimtania, "Wa Mlangoni kashafika." Alicheka kuliko wote. Hawakujua kwamba alikuwa anapima hatua za kufika chooni.

Tarehe 17 Desemba 1998 aliolewa na dereva wa lori, mteja aliyeleta suruali moja ipunguzwe, akairudisha mara tatu.

Machi 2005 alianza kuharisha damu. Daktari aliwaeleza yeye na mdogo wake kuwa ni uvimbe sugu wa utumbo mpana: hauambukizi, hauletwi na uchafu, hutulizwa kwa dawa, nazo zimezwe hata siku anazojisikia mzima. Walipotoka, mdogo wake alimvuta kando.

"Dada, tuseme ni vidonda vya tumbo. Hiki kingine watu watakucheka."

"Watanicheka mimi, au wewe?"

Lakini alikubali. Akawa anameza vidonge kwa kificho, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Chumba kikijaa wateja, aliviacha.

Tarehe 1 Februari 2024, mumewe akiwa safarini, alizidiwa hata kusema hawezi. Mdogo wake alimkimbiza hospitali. Nesi wa mapokezi aliuliza, "Ana ugonjwa gani wa kudumu?" Nyuma yao kwenye foleni alisimama jirani. Mdogo wake akajibu, "Vidonda vya tumbo." Akatibiwa vidonda siku mbili. Tarehe 3, saa nne asubuhi, utumbo ulitoboka, akafariki.

Ratiba ya kwanza ya mazishi haya ilisema aliugua kwa muda mfupi. Mdogo wake ndiye aliyeandika hivyo. Muda huo mfupi ulikuwa miaka kumi na tisa. Ameirudisha kwa mchapaji, na anaona aibu mbele yenu, na zaidi mbele ya shemeji yake.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili na mdogo wake. Binti wa pili, aliyeruhusu mwenyewe hili lisomwe, ameanza kukaa karibu na mlango. Kesho mama yake mdogo atampeleka hospitali, na pale mapokezi atautaja ugonjwa wa dada yake kwa jina lake, nyuma yao asimame yeyote.

Pumzika kwa amani, dada.