Ringi Zilizoingia Ndani Mno

Ndani ya basi, kaka wa kiti cha mbele yangu alikuwa amepakata ringi mpya kama mtoto wa kwanza. Dada aliyekaa naye, dereva wa teksi kwa maelezo yake mwenyewe, alishindwa kujizuia. "Gari umeliacha wapi, kaka?"

"Kwa fundi. Ringi zote nne nazirudisha dukani, naanza na hii. Matundu ya nati yalilingana, nikajua zimekubali."

"Hukuuliza ofseti?"

"Ningeijulia wapi? Fundi ndiye kanieleza: ni umbali kutoka ringi inapogusana na gari hadi katikati ya upana wake. Yangu ilikuwa kubwa mno, tairi likaingia ndani, likawa linakwangua shokamzoba." Akashusha sauti. "Nilikuwa na mama yangu garini. Akasema, 'Baba, nasikia harufu ya mpira.' Nikamwambia ni lori la mbele. Akafungua mlango gari likitembea! Nikasimama kwa hasira. Kuchungulia, ubavu wa tairi umeliwa hadi nyuzi, na mbele yetu mteremko mkali."

Dereva wa teksi akatikisa kichwa. "Mungu akuwekee mama huyo."

"Amina. Kila nikimshukuru, anasema niishukuru pua yake."

"Lakini usizirudishe. Weka spesa nyembamba, vile visahani vya kati ya ringi na gari, ringi zitasogea nje."

"Halafu tairi zianze kukwangua madigadi? Mama kakataa."

"Kwani mama ni fundi?"

"Jana alikuwa zaidi ya fundi."

Basi likasimama. Wakashuka bado wanabishana, wamesaidiana kuibeba ringi.