Aliyezungumza na Mashine Bubu

Siku mumewe alipomwona kwa mara ya kwanza, marehemu alikuwa amelala chali chini ya meza ya chuo, akigombana. Mume, ambaye ni seremala, alikuwa ameitwa kutengeneza rafu. Akasikia, "Sema basi, we bubu! Nimekukosea nini?" Akaomba radhi na kurudi nyuma.

"Ingia tu, kaka. Naongea na printa."

Hakuelewa, lakini aliingia.

Marehemu alizaliwa Machi 1971, kifungua mimba wa fundi redio na mshonaji. Nyumbani walimwita Kwanini, kwa maswali yake. Alimaliza sekondari mwaka 1989, akasomea kompyuta, kisha akafundisha chuoni hapo mpaka ugonjwa ulipomzuia. Walifunga ndoa Agosti 1998. Watu walishangaa msomi kuolewa na mtu wa darasa la saba. Mumewe alishangaa kuliko wote.

Kazi aliyoipenda ni kuandika draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuamuru mashine nyingine. Aliziandika kwa ajili ya mfumo huria wa kompyuta, ule ambao mtu anaruhusiwa kuurekebisha na kumgawia jirani. Shule ya wasioona anakofundisha shangazi yake hutumia mfumo huo. Ilipopata mashine ya kuchapa breli, maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, mashine ikagoma, kwani haikuwa na draiva ya mfumo huo. Marehemu aliwaomba watengenezaji maelezo ya amri zake. Wakakataa, wakisema ni siri ya kampuni.

"Mtu anakuuziaje mlango, halafu anakuficha unavyofunguliwa?" mumewe aliuliza.

"Hata mimi sijui, Baba Watoto."

Mpaka leo mumewe hajapata wa kumjibu.

Basi wakaanza kubahatisha. Mke alituma amri, mume alikaa kando ya mashine akitangaza: "Imekohoa!" "Imetema karatasi!" "Sasa imenuna kabisa." Figo zilipomlaza mwaka jana, mashine ikahamia chumbani. Daktari alimsihi apumzike. Alisema atapumzika ikishachapa.

Jumapili tarehe 14 mwezi huu, ilichapa. Mumewe hakujua kama ni maneno au upuuzi; aliona vinundu tu. Shangazi alipitisha vidole, akacheka mpaka machozi. "Imeandika, 'Shangazi, umekula?'"

Marehemu alifariki kesho yake, saa nne asubuhi, mumewe akiwa shuleni anaifunga mashine juu ya meza aliyoichonga mwenyewe. Bado haelewi jinsi furaha na msiba vilivyopita mlango mmoja ndani ya siku mbili.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi, shangazi na wadogo zake watatu. Apumzike sasa kwa amani, maana mashine imeshachapa.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka na mashine kwenda shuleni, mumewe alisita mlangoni, kwani si msemaji mbele za watu. "Wakiniuliza tumefanyaje, niseme nini?"

"Sema yote, Baba Watoto. Usiwafiche kitu."