Mama Mifupa, Aliyemnyang'anya Mfalme Ndama

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya makumbusho yetu, Mama Mifupa anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini, aliyezoea kumfungulia akiwa na ndoo ya mifupa mkono mmoja na mkoba wa chakula mkono wa pili.

Kazi yake ilikuwa kuchambua mifupa iliyotupwa karne nyingi zilizopita, ili tujue watu wa zamani walikula nini. Ncha ambayo haijaungana na mfupa wenyewe ilimwambia kuwa mnyama alichinjwa angali mchanga. Kipaji hicho hakikuwa na likizo. Kwenye harusi ya shemeji yake, mpishi alipojisifu kwa mbuzi laini, mwenzetu aliugeuza mfupa sahanini, akasema kwa upole kwamba marehemu alikuwa na wajukuu. Tangu hapo, ukweni wanamwandalia maharage.

Lakini tutakachokisimulia zaidi ni maonyesho ya kasri. Mkurugenzi alikuwa ameagiza sanamu ya mfalme wa karne ya kumi na nne akitafuna paja la ndama. Wageni wameshaalikwa, rangi haijakauka, Mama Mifupa akaingia na trei mbili. Jalala la ukumbi wa mfalme lilikuwa na mifupa ya maksai wazee, waliochoka kukokota majembe. Mifupa ya ndama yote ilitoka kwenye shimo nyuma ya jiko. Wapishi walikuwa wanajilia.

Mkurugenzi alimsihi anyamaze hadi wageni waondoke, akamkumbusha pia kwamba mkataba wake mpya ulikuwa bado haujasainiwa. Mama Mifupa akaziweka trei mezani, wala hakutoka.

"Wapishi walimdanganya mfalme, mzee," alisema. "Sisi tusiwadanganye wageni."

Mkurugenzi akacheka mpaka akavua miwani. Paja likahamia kwa mpishi wa plasta aliyesimama nyuma ya sanamu ya mfalme. Mfalme akabaki na mfupa mgumu na uso wa kuridhika. Foleni ilifika barabarani. Mkataba ukasainiwa, na mkurugenzi akaanza kuvamia jiko la kantini yetu bila taarifa.

Mumewe anasema amechoka kula chakula cha jioni peke yake. Sisi tumeomba tuachiwe walau Jumatano. Mazungumzo yanaendelea, ingawa bwana hatikisiki.

Asante, Mama Mifupa, kwa kutufundisha kazi na kutuchekesha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na chakula cha moto cha watu wawili.