Vidole Vinane na Nati Kumi na Saba

...Hapana, baba mdogo, hicho kipande cha "aliua maadui wengi" nimekifuta kwenye wasifu huu wa marehemu, na sikirudishi hata ukinikonyeza mpaka jicho liume. Babu hakuwa mpiga bunduki. Babu alijenga madaraja huku wapiga bunduki wa ng'ambo ya mto wakimlenga yeye.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, nyumba za nyuma ya stesheni. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu alimrudisha nyumbani mara mbili kwa kufungua skrubu za dawati, eti aone linasimamaje. Mwaka 1977 akaingia jeshini, kikosi cha uhandisi.

Tarehe 14 Juni 1983 walikuwa wanaunga daraja la chuma, adui anawamiminia mabomu. Wawili walianguka majini hawakuonekana tena. Daraja likaisha, lori la majeruhi likaanza kuvuka, ndipo Babu akakumbuka: pini moja hakuitia kibanio, kile kichuma kinachoizuia isichomoke. Kosa lake mwenyewe. Angenyamaza, nani angejua? Akapiga kelele, "Dereva, simama!" Akashuka chini ya daraja, risasi zinagonga vyuma, akafunga. Alipanda juu na vidole vinane.

"We jamaa una wazimu," dereva akamwambia.

"Ninao. Pita sasa."

Alimuoa Bibi tarehe 2 Agosti 1986. Siku ya harusi aliingia chini ya meza kukaza miguu ya meza. Bibi yupo hapa, muulizeni: "Nikasema, jamani, nimeolewa na bwana au na mende?"

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Kifua kinapiga filimbi, bado alikwenda kukagua daraja letu la miguu pale sokoni. Nati kumi na saba zimelegea. Aliwaambia nyote mlio hapa. Mkasema mzee anaweweseka. Na mimi nilisema, nisijifanye mtakatifu.

Alifariki wodini Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi. Aliniuliza, "Umekaza?" Nikasema ndiyo. Nilimdanganya.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na gunia la spana. Tunamwombea pumziko la amani, lakini njia ya makaburini inapita daraja hilohilo, na watoto wetu wanalivuka kila siku. Jeneza halivuki hivihivi. Gunia lile pale mlangoni. Vueni makoti, chukueni spana, twendeni tukakaze kwanza. Sasa hivi.