Papa Florent na Kiti Kimoja Tulichokikosa

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Papa Florent Mukalay, mpokezi na msimamizi wa ukumbi wa Nyumba ya Jirani hapa Brussels, anastaafu. Siku hiyohiyo Nyumba ya Jirani nayo inafungwa. Kamati imeniomba mimi, Kadiri, mhariri wa jarida hili, niandike wasifu wa kuchangamsha kwa ajili ya toleo letu la mwisho. Nimejaribu. Atakayetaka uchangamfu zaidi ya huu aandike mwenyewe.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Papa Florent alizaliwa Likasi, Katanga, akawa fundi umeme wa reli. Alifika Brussels katikati ya miaka ya tisini pamoja na mkewe, Maman Antoinette, na koti moja la baridi ambalo mpaka leo anakana kwamba lilikuwa la kike. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha ofisi kwenye maghorofa ya karibu na kituo cha reli cha Gare du Nord. Mwaka 1999 Marieke, mwalimu Mbelgiji aliyemalizia ujana wake akifundisha Likasi, alifungua nyumba hii ya kuwasaidia wasemaji wa Kiswahili, akawa anatafuta mtu wa kukaa mlangoni. Marieke Kiswahili anakijua, ila alijifunza cha kuamrisha tu: lete, funga, ngoja, kaa. Siku ya usaili alimwambia Papa Florent, "Kaa!" Papa akakaa. Hajainuka mpaka mwezi huu.

Mlangoni pale ndipo alipotupokea sote. Kila mgeni alipewa kwanza chai, kisha kiti, kisha ndipo anaulizwa shida yake. Aliyekuja na barua ya bima ya afya asiyoielewa, aliyefukuzwa chumba, aliyefiwa nyumbani na hana nauli, wote walianzia kwa Papa Florent. Mimi nilipofika kutoka Tanga nikiwa na sanduku na kiburi, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka sana, akasema, "Monsieur Tanzanie, Kiswahili yako iko ya radio! Bon, kula kwanza." Jina hilo sikulivua tena. Kila mwaka namsahihisha makosa yake ya upatanisho, na kila mwaka ananiambia kwamba Likasi wanaelewana bila mimi.

Alitengeneza mtambo wa joto wa ukumbi kwa mikono yake kila ulipozimika. Aliwafundisha wazee wanaokutana hapa kila Alhamisi kutumia simu, akajuta, maana sasa wanampigia usiku kumuuliza betri inaingilia wapi. Alisimamia matanga mengi kuliko harusi, na pote alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hayo yangetosha kujaza ukurasa huu, nami ningekwenda zangu nyumbani nimeridhika.

Lakini kazi iliyomla Papa Florent ni uchaguzi wa komini. Kwa wasomaji wasio wa hapa, komini ni kama halmashauri: ina meya wake na baraza lake la madiwani, na ndiyo yenye majengo mengi ya mtaani, likiwemo letu. Mwaka 2006 wageni wasio wa Ulaya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kupiga kura ya komini, mradi wajiandikishe. Papa Florent alilichukua jambo hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa kulea. Kila Jumamosi alibeba bakuli la mikate ya kukaanga ya Maman Antoinette, ile ambayo sisi wa pwani tungeiita maandazi, akasimama sokoni Flagey au kwenye mlango wa Gare du Nord. Alisema mtu mwenye njaa na baridi hukubali hata siasa. Watu wengi waliogopa, kwa sababu hapa ukishajiandikisha kupiga kura ni lazima, na neno faini lilikuwa limewatangulia. Basi aliwashika mkono akawapeleka mwenyewe mpaka dirisha la kujiandikishia la komini, akawasubiri, akarudi nao.

Kura hapa hupigwa kwa mashine, na wazee waliiogopa mashine kuliko faini. Papa Florent akatengeneza ya kwake kwa katoni la friji, na kurasa za karatasi zikiwa ndio skrini. Alijifungia ndani ya katoni akawa anabadilisha kurasa kila mzee alipogusa. Siku moja mama mmoja alibonyeza kwa nguvu zote mpaka kidole kikapita na kumchoma Papa jichoni. Alitoka humo analia jicho moja, akatangaza kuwa kura imepokelewa. Jamani, tulicheka siku ile!

Jambo moja alilirudia mpaka tukalikariri: "Minasema tena, batu yangu. Unaingia liste moja tu. Mule ndani unaweza kuchagula muntu mumoja, ao wawili, ao kumi. Lakini ukiisha kuingia liste moja, ya wengine imeisha funga." Liste ni orodha ya wagombea wa chama kimoja, na hakuna aliyekuwa halijui hilo. Naomba msomaji alishike.

Mkataba wetu wa jengo ulikuwa unakwisha katikati ya mwaka huu, na tangu miaka miwili iliyopita tulisikia kwamba komini inataka kuliuza. Waamuzi wangekuwa madiwani wa baraza jipya, lile la uchaguzi wa Oktoba 2024. Katika baraza hatukuwahi kuwa na mtu hata mmoja. Papa Florent hakutaka umeya wala unaibu. Alitaka kiti kimoja kabla ya kustaafu. Mtu mmoja wa kusimama siku hiyo na kusema: ngojeni, mle ndani mna watu.

Mtu huyo alipatikana. Graciella ni muuguzi katika hospitali ya Woluwe, binti aliyefanyia kazi zake za shule kwenye meza ya Papa Florent, mwenye Kifaransa cha kuogopesha na Kiflemi cha kutosha. Chama kimoja kikamweka kwenye orodha yake, si juu, lakini mahali ambapo kura zetu zote zikiungana zingemfikisha. Papa alipiga hesabu hizo kichwani mwaka mzima. Zilitosha.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana ndiyo iliyotuua. Mtu wa nyumba hii akiwa na jambo kubwa, safari, mtihani, ndoa au msiba, husimama mbele ya ukumbi Jumapili mchana akalitaja. Ukumbi wote huinuka, Papa Florent huongoza makofi matatu, na kila mmoja huenda kumshika mkono na kumwambia, "Tuko pamoja." Hakuna anayekataliwa. Graciella alisimama mwezi wa Mei, tukampigia makofi, tukamshika mkono, wengine wakalia.

Wiki tatu baadaye akasimama Hénock. Hénock ni mdogo wake Maman Antoinette, fundi bomba, mtu wa watu. Chama kingine kilikuwa kimemfuata kikamweka mkiani mwa orodha yake. Akalitaja jambo lake. Kisha Papa Florent, ambaye kazi yake ni hiyo, akapiga makofi matatu, nasi tukainuka. Mwezi wa Juni akaja Aristote wa chama cha tatu. Mwezi wa Agosti akaja Océane wa chama cha nne, na mama yake kando akiwa amevaa kitenge kipya. Vyama vyote vilikuwa vimegundua kwa mpigo kwamba vinatupenda. Na sisi tukainuka, tukapiga makofi, tukashika mikono. Wallahi nilimwambia Papa, huu ni wazimu, simamisha mambo haya. Alinitazama kama niliyemwomba amfukuze mfiwa. "Kadiri, utamuambia mutoto wa muntu nini? Akae chini?"

Nilidhani watu wangepiga makofi kwa wanne na kura kwa mmoja. Huko kwetu Tanga ndivyo ambavyo tungefanya, bila haya hata kidogo. Wenzangu wa Katanga ni watu wa heshima kuliko mimi. Walichosema ukumbini walikwenda kukifanya kwenye mashine.

Tarehe 13 Oktoba watu wetu walijitokeza vizuri kuliko wakati wowote. Kura zao zikaingia orodha nne. Hénock, Aristote na Océane walipata kura za kuwaletea pongezi za simu basi. Graciella alikosa kiti kwa kura chache mno, chache kuliko watu wanaokula ukumbini kwetu Jumapili moja. Akawa wa kwanza wa akiba, maana yake diwani mmoja wa orodha ile akifa au akihama, yeye ndiye anayeingia. Wote ni wazima wa afya na wana nyumba zao.

Jumapili iliyofuata tulikutana. Maneno yakaanza kuruka. Fulani alimpa Aristote kwa sababu walibatizwa pamoja. Fulani alimpa Océane, angemtazamaje mama yake? Sauti zikapanda, Hénock akaitwa msaliti mbele ya dada yake. Hapo Papa Florent akainuka. Tulidhani anakwenda kutukaripia, na alikuwa na haki.

"Munyamaze," alisema. "Hénock, munamuonea bure. Mi vilevile nilimupatia Hénock."

Akaeleza, taratibu, kama anavyoeleza barua za bima. Siku moja kabla ya uchaguzi mama mkwe wake alimpigia kutoka Likasi. Bibi wa miaka tisini. Alimwuliza swali moja: mwanangu anaomba kura, na mume wa dada yake anamnyima? Papa alisimama mbele ya mashine, aliyowafundisha nusu ya mtaa kuitumia, akaiona orodha ya Graciella, akaiona ya Hénock, akaisikia sauti ya yule bibi. "Donc, nikaingia kwa Hénock. Graciella, mwanangu, unisamehe." Graciella alikuja akamkumbatia, akasema, "Papa, ningekuwa wewe ningefanya vilevile." Hilo ndilo lililonikatisha tamaa kuliko yote. Alikuwa anasema kweli.

Tangu hapo Papa Florent alifanya kazi kwa namna ambayo sikuweza kuitazama. Mwezi wa Januari alipaka ukumbi rangi. Februari alibadilisha bomba la jikoni. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na jengo lililokwisha hukumiwa. Akaniambia kwamba wazee wa Alhamisi bado wanakuja Alhamisi. Nikamshikia ngazi.

Mwezi wa Aprili baraza lilikaa kuamua. Tulikwenda, tukaketi kwenye viti vya wananchi nyuma ya kamba, Graciella katikati yetu, hatua chache kutoka kwenye viti vya madiwani. Jambo letu lilisomwa kati ya tenda ya mapipa ya taka na ukarabati wa choo cha bustani. Mtu mmoja aliliita jengo letu ghala lisilotumika ipasavyo. Hawakuwa na chuki na sisi, na hilo naomba lieleweke. Hawakuwa wanatujua tu. Mwenyekiti akauliza kama kuna diwani mwenye swali. Hakukuwa na diwani mwenye swali.

Papa Florent akainua mkono. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba wananchi hawaongei barazani. Papa akaitikia kwa kichwa, lakini mkono hakuushusha. Walipiga kura ya kuliuza jengo letu, mkono uko juu. Wakaenda kwenye choo cha bustani, mkono uko juu. Maman Antoinette ndiye aliyeushika mwishoni, akaushusha, akauweka mapajani pake na kuufunika kwa mkoba.

Hiyo ndiyo kazi ya Papa Florent Mukalay, kama nilivyoiona. Nilitakiwa niorodheshe mafanikio. Mafanikio yake ni watu, wamejaa mji huu, wana vitambulisho, wana kazi, wana kura walizoandikishiwa naye na wanazozitumia kwa adabu ya kusikitisha. Alitaka kutuachia kiti kimoja, akashindwa kwa sababu ileile iliyotufanya tumpende: hajui kumwambia mtu akae chini. Nimemkasirikia miezi minane. Hasira imekwisha, na iliyobaki sina jina lake.

Kwa niaba ya wafanyakazi na wanachama wote, asante, Papa Florent. Asante kwa chai, kwa kiti, kwa jicho lako lililochomwa, kwa matanga yote. Asante, Maman Antoinette, uliyetuazima mume kila Jumamosi. Mungu awape afya, nyumba yenye joto, na wajukuu wenye kelele.

Desturi ni kumwambia mstaafu kwamba mlango uko wazi, apite kutuona wakati wowote. Nimeiandika sentensi hiyo mara kadhaa, na kila mara nimeifuta. Kuanzia tarehe mosi Julai, Papa, hatuna mahali. Kwa hiyo tunakuomba kazi moja zaidi, nawe hujawahi kukataa kazi: ukishatulia, utuambie tuje wapi.