Waliombeba Kate Nerima

Kate Nerima Shiundu, ambaye kamati ya mtaa imegundua juzi kwamba ilimpenda sana, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 karibu na Webuye, binti wa pili wa Mzee Nyongesa. Ninayesoma ni mimi Mideva, mdogo wake. Mwenyekiti wa kamati aliomba asome yeye. Nilimkatalia.

Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1975, akaachishwa kwa sababu kulikuwa na wavulana wa kusomeshwa. Wavulana wenyewe wamo hapa hemani, nao wanajua walichofanya na hayo masomo.

Mwaka 1981 alikuja Nairobi akaajiriwa katika kiwanda cha blanketi. Kwa miaka mingi alikwenda kazini kwa miguu kutoka Makadara. Mwaka 1984 aliolewa na marehemu Shiundu, fundi wa mashine kiwandani humo, wakajaliwa binti, Marion. Siku ya posa Shiundu alitangaza kwamba yeye hajui kupika. Nerima akamwambia atajifunza, na kweli alijifunza, chapati zake tulizila wote.

Alipostaafu mwaka 2016 alikuwa Komarock, ghorofa ya nne. Likizo ya shule ilipofika aliona vijana wameketi ukutani kutwa. Hakuwahubiria, aliwapa koleo. Kamati nayo ilikuwa na siku zake za kujitolea: fulana mpya, bango na mpiga picha. Wanakamati walizoa matope mtaroni, wakayarundika hapo hapo ukingoni, wakapigwa picha, wakanywa soda. Mvua ikanyesha, matope yakarudi mtaroni. Mwaka uliofuata, tena vile vile. Watu wazima hao, wengine na tai shingoni.

Kwa Nerima, tope lilikuwa halijatoka mpaka litoke mtaani. Wale vijana wa ukutani, aliowaita watoto wake, walilisukuma kwa mkokoteni hadi jalalani, na hakuna aliyewapiga picha. Waliwatekea wazee maji. Kila penye matanga waliosha masufuria, hata kwa watu waliokuwa wakiwafukuza kwenye ngazi zao. Mwenyekiti aliwaita watoto wa matope. Wao walicheka, wakalichukua jina.

Februari 2023 figo zake zilikataa kufanya kazi. Ilibidi asafishwe damu mara mbili kwa wiki, na miguu ilikuwa imevimba, na jengo letu halina lifti. Zaid, Rufaida, Mwelu na wenzao wa matope wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamshusha, wakamngoja arudi, wakampandisha. Siku moja aliona haya, akalia, akawaambia wamwache tu afie juu. Zaid, wakati huo kidato cha pili, akamjibu:

"Shosho, tope lilikuwa zito kuliko wewe."

Nerima alicheka mpaka kiti kikayumba.

Mwenyekiti anaishi ghorofa ya kwanza, ngazi hiyo hiyo. Alikutana na kiti hicho mara nyingi. Alijibana ukutani, akasema pole mama, akaendelea na simu yake. Sijamsingizia, nilikuwepo nimeshika mkoba wa mgonjwa.

Nerima alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2025, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nimebaki bila dada na inaniuma sana. Alikuwa ameomba azikwe hapa Nairobi, karibu na watoto hao. Wazee wa ukoo wamenuna. Basi wanune. Akatuambia mimi na Marion neno moja zaidi: "Nibebwe na watoto wangu. Wanajua kunishika."

Hapo ndipo kamati ilipoamka. Jana kwenye matanga walifika na fulana zenye sura yake na glavu nyeupe, wakatangaza kwamba jeneza watalibeba wao, eti si kazi ya watoto. Mpiga picha walikuwa wameshamwita. Walinywa chai yetu wakaacha vikombe chini ya viti. Vilioshwa na mnaowajua.

Nerima ameacha binti, Marion, mjukuu, Ryan, mimi mdogo wake, wale wavulana waliosomeshwa, na watoto wa matope wa Komarock. Mungu ampokee dada yetu, ampe mahali pasipo na ngazi.

Zaid, Rufaida, Mwelu, njooni na wenzenu mumbebe. Na wewe mwenyekiti, wapishe, kama ulivyozoea.